Maegesho ya walemavu kwenye jumba la maduka Kisumu: nyota nne zimeshuka hadi mbili

Jumba lenyewe ni zuri, sitalinyima sifa yake. Lifti inafanya kazi. Choo cha watu wenye ulemavu hakijageuzwa stoo ya ndoo na mifagio, na hilo hapa mjini si jambo dogo. Wasichana wa kaunta hunizungukia upande wangu kuchukua vitu kikapuni bila kuniuliza nilikuja na nani. Kwa hayo ningewapa nyota nne. Jina la mahali nimeliacha kwa makusudi, maana nikilitaja mtafikiri kwingine mambo ni tofauti.

Shida ni nje, kwenye maegesho.

Mimi naendesha gari langu mwenyewe. Breki na mafuta ziko kwenye mpini wa mkono chini ya usukani, kwa sababu miguu yangu haijawahi kunibeba tangu utotoni. Wengi wakiona ile alama ya buluu ya kiti cha magurudumu hudhani tumependelewa tu kuwa karibu na mlango. Mwendo haunishindi, mikono ninayo. Ninachohitaji ni upana. Ili nishuke, lazima mlango wa dereva ufunguke mpaka mwisho. Navuta fremu ya kiti kutoka upande wa abiria, naipitisha juu ya kifua, naishusha chini, nachomeka gurudumu moja, halafu la pili, nafunga breki zake, ndipo nahamisha mwili. Ile mistari ya mshazari iliyochorwa kando ya nafasi yetu imewekwa kwa ajili hiyo. Kiti changu hukaa pale.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wamelipwa, uwanja umejaa. Nafasi zetu pale ni mbili tu, na moja ilikuwa tayari imekaliwa na gari lisilo na kibandiko chochote. Nikaingia ya pili, nikashuka vizuri, nikafanya shopping yangu. Nilipotoka na unga, maziwa na nyama mapajani, nikakuta Prado nyeusi imesimama juu ya mistari. Juu yake kabisa! Nikajaribu mlango wangu. Ulifunguka upana wa kiganja, ukagota.

Nikamwita soja. Alikuja mbio, kijana mpole, nami namfahamu kwa sura. "Pole sana mama, mkubwa amesema anachukua kitu kimoja tu, anatoka saa hii."

Asubuhi koni ya plastiki huwa imesimamishwa palepale kwenye mistari. Nikamuuliza nani ameitoa. Hakujibu. Koni ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma yake.

Hapo nilikasirika, lakini si kwake sana. Najua mshahara wa mlinzi, na najua jinsi mwenye gari kubwa anavyoweza kupiga simu moja mtu akakosa kazi jioni hiyo hiyo. Ila koni iliondolewa kwa mkono wake, na aliyebaki juani ni mimi. Jua la Kisumu la saa nane mnalijua.

Kijana wa bodaboda akasogea, akasema kwa nia njema kabisa, "Mathe, wacha nikubebe nikuingize kwa ule mlango mwingine." Nikamshukuru, nikakataa. Kama akinibeba, kiti nani atakifungua? Na nikifika nyumbani nani atanitoa upande wa abiria? Zaidi ya hayo, nimebebwa utoto wangu wote, mgongoni kwa mama kwenda shule, mikononi mwa makondakta walionishika wapendavyo. Nilijinyima miaka mingi ninunue gari ili nisibebwe tena na mtu nisiyemjua. Mwenye Prado hakuwa na habari hiyo, lakini ndiyo aliyoigusa.

Alitoka maziwa yangu yakiwa yameshapata joto. Mkononi alikuwa na mkate na soda. Nikamwambia ameziba mlango wangu. Akaniangalia, akaangalia gari, akasema, "Lakini dada, si nilikuwa dakika mbili tu? Na mbona hukuegesha kule, kuna nafasi?" Nikamweleza habari ya mlango. "Basi pole, lakini usinipandishie sauti." Akapandisha kioo, akaenda.

Usiku huo nilitaka kuwapa nyota moja na kunyamaza. Nikampigia meneja kwanza. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaomba radhi kama mtu mzima, akaahidi kuchukua hatua. Nikalainika, nikarudisha mpaka tatu.

Niliporudi, kweli walikuwa wameweka mnyororo na kufuli kwenye nafasi zote mbili. Ufunguo uko wapi? Ofisini, ghorofa ya kwanza. Yaani nishuke garini mahali nisipoweza kushukia, nipande nikaombe ufunguo, nirudi nifungue. Nikapiga honi mpaka watu wakageuka. Soja akakimbia kuufuata, na nikiwa nasubiri nikamwona mwenzake akifunga klampu, kile chuma cha kuzuia gari lisiondoke, kwenye gurudumu la pikapu iliyosimama mlango wa kupokelea mizigo. Dereva wake hata hakuwa ameenda mbali. Kumbe klampu wanazo. Kumbe lori la soda likizuiliwa, dakika mbili ni nyingi, ila mimi nikizuiliwa ni za kuvumilia.

Nikampigia meneja tena. Safari hii akasema "wataangalia kama kuna uwezekano" wa ufunguo kukaa getini. Uwezekano gani? Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya kufika mahali popote kwa njia inayofaa. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano wayarekebishe, na mwaka 2025 tumepata sheria mpya kabisa. Mimi naomba ufunguo ushuke ngazi moja na klampu isogee hatua chache. Hata rangi hawahitaji kununua.

Kwa hiyo ni nyota mbili. Zote mbili ni za lifti, choo na wale wasichana wa kaunta, ambao hawastahili kuchafuliwa na mambo ya uwanjani. Ufunguo ukihamia getini nitakuja kubadilisha hapa hapa, na Prado ya kwanza kufungwa klampu nitaongeza ya nne siku hiyo hiyo.

Wenzangu mnaotumia kiti na mnaendesha: nendeni asubuhi katikati ya wiki, na chukueni nafasi ya pembeni iliyo upande wa ngazi, mwingie kwa mbele. Kulia kwake kuna njia ya miguu iliyoinuliwa, gari haliwezi kupanda, kwa hiyo mlango wa dereva utafunguka hata mistari ikikaliwa. Na pigeni simu kabla ya kufika, ili mkute mnyororo umefunguliwa.