Shrikhandi imekuja, puri zimekwisha: thali ya Jumapili pale Kisutu

Nyota moja, na hiyo moja ni ya kadhi, ule mchuzi wa mtindi na unga wa dengu.

Jina la hoteli silitaji. Nyumba za thali ya Kigujarati, yaani sinia la vibakuli vya vyakula mbalimbali vya Gujarat kule India, maeneo ya Kisutu na Upanga jijini Dar ziko kadhaa, na sitaki wapishi wasio na kosa wabebe msalaba wa mtu mmoja. Kosa lenyewe ni dogo ukilisimulia, lakini mpaka leo likinijia kichwani tumbo linanicheza.

Thali ilitua mezani Jumapili mchana, imejaa vizuri: dali, kadhi, viazi vikavu vya haradali na bizari, choroko, kachumbari, achari ya embe pembeni. Puri mbili, vile vimkate vya kukaanga, zimevimba, ukizigusa unaungua. Kulikuwa na kibakuli kitupu. Nikamwuliza mhudumu, shrikhandi iko wapi, ule mtindi mzito mtamu? Akajibu huku anapita, hata hakusimama: "Bosi, tamu ni mwisho. Kula kwanza."

Kula kwanza! Kama mtoto anayefichiwa biskuti.

Niseme wazi, maana naona hata hoteli nzuri zimeanza ugonjwa huu. Kwenye thali ya Kigujarati tamu si kitu cha kufungia mlo. Ni sehemu ya mlo, kama achari ilivyo. Inakuja na puri ya kwanza na inaliwa katikati ya vingine. Unamega puri kwa vidole, unachota shrikhandi kiasi cha kijiko cha chai, unakula. Kisha tonge la viazi. Kisha ncha ya achari. Pilipili ikikushika unarudi kwenye shrikhandi, na inakupoza kuliko maji, kwa sababu ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji. Mafuta na protini za maziwa ndivyo vinavyoubeba ukashuka koo. Halafu puri ni ya moto na ina chumvi, shrikhandi ni ya baridi na tamu. Huko kukutana ndiko kunakolipiwa. Ukiwatenganisha kwa nusu saa, una mkate wa kukaanga na mtindi wenye sukari, basi.

Isitoshe dali yao yenyewe ina sukari guru, kadhi ina sukari, hata viazi wakati mwingine vinatiwa kidogo. Utamu umetembea sahani nzima tangu mwanzo. Sasa unanizuiliaje kibakuli kimoja?

Na si shrikhandi peke yake. Huko Gujarat, siku ya Uttarayan, tarehe 14 Januari, watu wakirusha tiara juu ya mapaa wanakula undhiyu, yaani zile mboga mchanganyiko zenye viazi vikuu na mbaazi mbichi, pamoja na jalebi, zile tamu za mizunguko zilizokaangwa na kuzamishwa kwenye shira. Sikukuu ya Kihindu ya Dussehra ikifika ni jalebi na fafda, ule ukanda mkavu wa unga wa dengu, na papai bichi na pilipili za kukaanga pembeni. Harusini lapsi inapakuliwa mapema, ngano ya kupasuliwa iliyopikwa kwa samli na sukari guru; ni ngano ileile ya kupikia bokoboko, ila imeelekea upande mwingine. Mabohora, wale Waislamu wenye asili ya Gujarat, wakizunguka sinia yao wanaanza na chumvi kidogo, kisha kitu kitamu, ndipo kije cha chumvi, tena kitamu, tena cha chumvi. Hata sisi wenyewe futari yetu ikoje? Kaimati, tambi za sukari na mchuzi wa nyama viko kwenye mkeka mmoja, na hakuna anayesimama mlangoni kusema tamu ni mwisho. Wapo Wahindi wanaomalizia kwa tamu, Bengal kwa mfano. Ila ukiandika "thali ya Kigujarati" ubaoni, pika na upakue ya Kigujarati.

Tatizo la pili ni puri. Puri ina maisha mafupi kuliko kitu chochote mezani. Inavimba kwa sababu maji yaliyomo kwenye unga yanageuka mvuke ghafla mafuta yanapokuwa moto sawasawa. Ikipoa, mvuke ule unarudi kuwa maji ndani kwa ndani na ngozi inalegea. Dakika tano, imekuwa kama kipande cha soksi. Kwa hiyo hizo mbili nilizila na viazi, sikuwa na namna. Shrikhandi ikaja baada ya wali, baada ya kila kitu. Nikaomba puri mbili za moto.

"Puri zimekwisha, bosi. Mafuta tumeshaepua." Akaweka kijiko.

Kijiko! Kula shrikhandi kwa kijiko kwenye nyumba ya thali ni sawa na kuletewa mchuzi wa nazi bila wali ukaambiwa unywe. Nikamwambia mhudumu, kijana wangu, kama kuna rotli, ile chapati nyembamba, lete. Akaleta moja, ya baridi, imekunjwa mara nne, kavu kwenye kingo.

Nilipochota nikaona kingine. Pembeni ya kibakuli kulikuwa na duara la maji ya njano. Hapo sasa si suala la mhudumu, ni la jikoni, na sababu zake zinajulikana. Shrikhandi ni mtindi uliochujwa mpaka ubaki chaka, ile nyama yake nzito. Ukitaka ya watu wanane, lita 2 za mtindi wa maziwa yenye mafuta yake yote, usiwe wa kupunguzwa mafuta, funga kwenye melimeli, ning'iniza juu ya bakuli ndani ya friji usiku mzima. Nje ya friji kwa joto la Dar utachachuka kabla haujakauka, kisha watu wanaongeza sukari kuficha uchachu na hapo ndipo inaharibika kabisa, kwa sababu sukari inavuta maji kutoka kwenye chaka. Asubuhi utabaki na gramu 700 au 800 hivi. Igandamize kwa kiganja: ikiacha unyevu mkononi, bado. Ikitoka kama jibini laini, iko tayari.

Sukari ya kusagwa gramu 400, onja, usizidishe. Changanya, iache dakika 20 iyeyuke, ndipo uipitishe kwenye chekecheo la waya au melimeli safi kwa kusugua na mgongo wa kijiko. Kazi ya mkono inachosha, najua. Lakini ukiitia kwenye blenda itageuka uji, maana visu vinakatakata ule mshikamano wa mtindi na maji yaliyobaki yanatoka. Nyuzi 20 hivi za zafarani zilowekwe kwenye vijiko viwili vya maziwa ya uvuguvugu, hiliki iliyotwangwa muda huohuo kijiko kimoja cha chai, rudisha kwenye friji saa 3. Ile niliyoletewa mimi ilipita kwenye blenda, sina shaka, na njano yake ilikuwa ya rangi ya dukani. Zafarani haipaki kijiko njano namna ile.

Jalebi sitaisema sana. Zilikuwa zimerundikwa kwenye sinia la kaunta tangu sijui saa ngapi, na hewa ya pwani na sukari mnajua vinavyopatana: sukari inanywa unyevu, jalebi inalegea. Jalebi inatolewa karaini, inazama kwenye shira ya uvuguvugu chini ya dakika moja, inaliwa. Ya kukaa ni ya kupelekea watu usiowapenda.

Sasa niwatendee haki. Kadhi ilikuwa safi: nyepesi, haikukatika, tangawizi na majani ya mvuje yanasikika, utamu na uchachu vimeshikana mikono. Nilirudia mara tatu na walinijazia bila kununa. Halafu nikiwa napanga kulipa nikaona mohanthali, ile tamu ya vipande ya unga wa dengu na samli, kwenye kioo cha kaunta, nikaomba kipande.

Jamani. Aliyepika ile anajua kazi. Mohanthali inapimwa kwa chembe zake; ikiwa laini kama halua, mpishi karuka hatua ya kwanza. Hatua yenyewe: nusu kilo ya unga wa dengu uliosagwa wa mkwaruzo, si ule laini wa bajia, unasuguliwa kwa viganja na vijiko vikubwa 3 vya samli na 3 vya maziwa, vyote vya uvuguvugu, unagandamizwa, unafunikwa dakika 20, kisha unachekechwa kwa chekecheo la matundu makubwa. Hapo chembe zinazaliwa. Ndipo unakaangwa kwa samli, moto mdogo, mkono hauachi mwiko, mpaka rangi ifike ya ganda la karanga na samli ianze kujitenga. Shira iwe ya uzi mmoja: tone kati ya kidole gumba na cha shahada, ukivitenganisha uzi unyooke usikatike mara moja. Isipofika hapo, mohanthali haikatiki, inanata kisuni. Ikipita, inaganda kabla hujaisawazisha na siku ya pili inapukutika kama mchanga. Yao ilikatika kingo kali, katikati ina unyevu, samli haikuachwa kwenye kidole kupita kiasi. Nikasema moyoni, basi, nyota tatu. Labda hata nne, mhudumu ana siku mbaya, nani hana.

Ikaja bili. Shrikhandi imeandikwa kando, "ziada".

Ziada ya nini? Ubaoni thali imeandikwa "pamoja na tamu". Nikamwonyesha mwenye kaunta, mama mmoja wa makamo. Akaangalia ubao, akaangalia bili, akasema kwa upole kabisa, "Pamoja na tamu ni jalebi, baba. Shrikhandi umeagiza mwenyewe." Zile jalebi za sinia! Nilimjibu kuwa jalebi sikuletewa. Akachukua mbili akazifunga kwenye gazeti, akanipa. Sikuwa na la kusema tena, na nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nikalipa.

Kwa hiyo nyota ni moja, nimerudi palepale. Ukienda, kabla hata hujavuta kiti, uliza mambo mawili: tamu ya leo ipi iko ndani ya bei, na puri zinakaangwa mpaka saa ngapi. Kisha sema kwa sauti, "shrikhandi na puri zije pamoja." Akikujibu tamu ni mwisho, usikae. Mohanthali inauzwa kwa kilo pale kaunta, na kuinunua hakuhitaji mhudumu.