Miezi saba na mtungi wa kulainisha maji, mtaani Bel-Air

Kabla ya kununua mtungi huu nilikuwa nimezika mabirika matatu ya umeme katika muda wa miaka miwili. Yote yalikufa kifo kimoja: ukoko mweupe wa chokaa uliizunguka koili hadi moto wake ukakosa njia ya kufika kwenye maji, ikajichoma yenyewe. Katika mtaa wetu wa Bel-Air, komini ya Kampemba, jijini Lubumbashi, jambo hilo halimshangazi mtu, na majirani huonyeshana sufuria zao za chai kama wazee waonyeshanavyo makovu.

Chokaa hiyo ndiyo inayoitwa ugumu wa maji, na hailetwi na uchafu. Maji mengi tunayotumia Lubumbashi hutoka chini ya ardhi, na miamba ya huku Katanga, ile ile inayobeba shaba, ina dolomiti kwa wingi, yaani jiwe lenye kalisiamu na magnesiamu. Mvua inapopenya udongoni huchukua gesi ya kaboni, ikapata ukali kidogo, ikaliyeyusha jiwe hilo polepole na kulibeba hadi kwenye robine. Maji yakichemshwa, gesi hutoroka na jiwe hurudi kuwa jiwe, safari hii ndani ya birika. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji, kwa hiyo hasara ninayoizungumzia hapa ni ya sabuni, ya makala ya jikoni na ya mfuko.

Nilichonunua ni mtungi wa lita 10 wa rezini, yaani punje ndogo kama za plastiki, wenye kichwa kinachoendeshwa na umeme na pipa la chumvi kando yake. Muuzaji alinipendekezea kwanza kifaa cha sumaku cha kufunga juu ya bomba, ambacho bei yake ilikuwa kama robo ya ile ya mtungi, lakini sumaku haiondoi kalisiamu ndani ya maji, na shemeji yangu, ambaye anacho kwake, bado anazika mabirika. Rezini hufanya kazi kwa njia nyingine: punje zake zimeshikilia sodiamu, na maji yanapopita huiachia sodiamu hiyo na kunasa kalisiamu na magnesiamu badala yake. Zikishajaa, mashine huzisuuza kwa maji ya chumvi, ikazirudishia sodiamu na kuutupa ugumu kwenye mfereji.

Kwa kazi hiyo, sina la kulalamika. Vipande vya kupimia vilionyesha digrii 30 za Kifaransa kabla ya mtungi, yaani miligramu 300 za chokaa katika kila lita, na digrii 5 baada yake. Hizo tano nimeziacha kwa makusudi, kwa kuwa maji yaliyolainishwa kupita kiasi huweza kuyala mabomba ya chuma. Kipande cha sabuni kilichokuwa kikitumaliza siku tatu sasa hufika siku ya tano, kwa sababu hakipotezi tena nusu ya nguvu zake katika kutengeneza ule utando wa kijivu unaong'ang'ania beseni na kola za mashati. Birika la nne lina miezi saba na koili yake bado inang'aa.

Faida kubwa kuliko zote, hata hivyo, niliipata mahali ambapo sikuitazamia, nayo ni kwenye sufuria ya maharage. Kalisiamu hushikamana na pektini, ile gundi ya asili inayoziunganisha chembe za mmea, ikaikaza, na ndiyo sababu maharage ya Bel-Air yalikuwa yakichemka asubuhi nzima huku bukari ikisubiri. Kwa maji laini, maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwetu chini ya saa mbili, badala ya tatu na zaidi. Anayejua bei ya gunia la makala wakati wa mvua ataelewa kwa nini mke wangu, aliyeupinga ununuzi huu tangu mwanzo, alinyamaza siku hiyo.

Sasa niseme yaliyonichosha. Muuzaji hakuniuliza hata swali moja kuhusu shinikizo la maji. Robine zetu hukauka kwa saa nyingi, nasi, kama wengi, tunaishi kwa tanki la juu. Shinikizo hupimwa kwa bari, na kila mita 10 za kimo huzaa bari 1 tu. Tanki langu liko mita 5, ambayo ni nusu bari, ilhali kijitabu cha mtungi kinadai bari 1.5. Ilinibidi ninunue pampu, na pampu inataka umeme, na kuhusu umeme wa jiji hili sihitaji kumweleza mtu. Usiku mmoja umeme ulikatika rezini ikiwa katikati ya kusuuzwa kwa maji ya chumvi, na asubuhi mama mkwe akanywa chai yenye chumvi. Kila kusuuza hula lita 60 hivi za maji, jambo linaloumiza siku ambayo bidoni zimepangwa foleni uani, na chumvi hufikia kilo 10 kwa mwezi.

Vilevile, ulainishaji huu huongeza takriban miligramu 115 za sodiamu katika kila lita. Kwa kuwa mama mkwe ana shinikizo la damu, baadaye fundi alituwekea robine moja jikoni isiyopitia mtungini, na maji ya kunywa tunayachota hapo na kuyachemsha kama zamani, kwa sababu rezini haiui kijidudu chochote cha kipindupindu.

Mwenye foraji yake, pampu imara na jenereta anaweza kuununua bila wasiwasi. Anayetegemea tanki la juu peke yake ashike siki au maji ya ndimu, ambayo kwa nusu saa huyeyusha ukoko wa birika kwa bei ya fungu sokoni. Mimi nimeamua kuuwasha Jumamosi tu, siku ya kufua na ya kupika maharage, na kila mara ninamwaga kwanza ndoo mbili, kwa kuwa maji yaliyolala ndani ya rezini juma zima hunuka.