Uzoefu wangu na huduma ya usanifu wa mandhari kwa shule ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalumu

Huduma tuliyolipia ilihusu upimaji wa eneo, mchoro, orodha ya mimea na vifaa, na usimamizi wa ujenzi. Kwa njia na miteremko nawapa wasanifu alama za juu, kwa mimea za wastani. Walipopwaya ni kwenye saa za jioni na usiku, na kwa shule ya bweni hilo ni pengo kubwa. Shule ya kutwa hutumia viwanja vyake hasa wakati wa mapumziko, lakini mtoto wa bweni huamkia hapo, hucheza hapo hadi giza liingie na hushinda hapo siku zote zisizo na masomo.

Njia kwanza. Zile kuu zina upana wa mita 1.8, viti viwili vya magurudumu vinapishana bila kimoja kushukia nyasini. Ndogo ni mita 1.5, na hapo kiti kinageuka mzunguko mzima. Mteremko wa kawaida hauzidi 1 kwa 20, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo. Penye rampu ni 1 kwa 12, na kila baada ya mita 9 pana sehemu tambarare ya kupumzikia. Mteremko wa ubavuni, ule wa kumwaga maji ya mvua, wameuweka chini ya asilimia 2, na hapa ndipo mafundi wengi huharibu. Ukizidi, kiti huvuta upande mmoja muda wote, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayesukuma kwa mkono wake mmoja wenye nguvu hushindwa kukirudisha. Vifuniko vya mitaro vina nafasi zisizozidi milimita 13, tena zimekatiza njia badala ya kwenda sambamba nayo, hivyo gurudumu dogo la mbele halinasi.

Njia zote huzunguka na kurudi, hakuna inayoishia ukutani. Kwa watoto wenye usonji jambo hili lina uzito mkubwa, maana wengi wao hutulia wakijua mwendo unapoelekea, na njia inayokatika ghafla huwavuruga. Kando ya mzunguko kuna kibanda cha utulivu chenye milango miwili ya kutokea. Aliyeelemewa na kelele hujitenga humo bila kuhisi amefungiwa, na mlezi humwona kutoka nje.

Chini ya bembea mchoro ulipendekeza vipande vya mbao vya kina cha sentimita 30. Kwa kupunguza makali ya kuanguka vinafaa, lakini kiti cha magurudumu hakipiti juu yake, na mtoto mwenye tabia ya kula visivyoliwa huvijaza mdomoni. Tulidai mpira wa kumwagwa, ule unaomiminwa na kuganda kuwa sakafu moja laini. Nao una tatizo lake: ukiwa mweusi na juani, huwa wa moto kiasi cha kuunguza. Mtoto mwenye mgongo wazi ambaye miguu yake haina hisia anaweza kuungua bila kujua. Chagueni rangi nyepesi, wekeni turubai la kivuli, na walezi waujaribu kwa nyuma ya kiganja kabla ya kuruhusu miguu mitupu. Kagueni pia pale mpira unapokutana na zege, kwa sababu mpira husinyaa na kuacha ufa unaokwaza.

Orodha ya kwanza ya mimea ilikuwa na oleanda na mnyaa. Oleanda ni sumu kuanzia jani hadi ua, na utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huumiza vibaya. Yote ilifutwa, na mnyonyo uliojiotea uling'olewa kwa sababu mbegu zake zina sumu. Mmea ambao huwezi kuvumilia mtoto autafune usiwe ndani ya uzio, basi. Mchaichai una harufu nzuri lakini kingo za majani yake hukata ngozi, kwa hiyo kando ya njia tulibakiza rihani, mnanaa na rozmari. Vitalu vya kuinuliwa vimefanywa vizuri sana: nafasi ya magoti chini yake yenye kimo cha sentimita 70, udongo wa kina cha sentimita 15 juu ya nafasi hiyo, upana sentimita 60 vinapofikiwa upande mmoja. Angalieni tu seremala asishushe ubao wa mbele hadi ukazuia magoti. Udongo wa kina hicho hukauka upesi, hivyo bomba la maji liwe karibu.

Sasa jioni. Upande wa machweo waliweka uzio wa mbao zilizosimama wima zenye nafasi kati yake. Jua likishuka, anayetembea kando yake huona mwanga na giza vikipishana upesi, na kwa mtoto mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga unaomemeteka hiyo ni hatari ya kweli. Vivuli vyake huanguka njiani kama mistari, na wenye uoni hafifu husimama wakidhani ni ngazi. Mimea ya kutambaa iliziba nafasi hizo, lakini tatizo hilo lilipaswa kuonekana kwenye mchoro. Taa nazo zilikuwa vinguzo vifupi vinavyomulika pande zote: mtu mzima akisimama haoni kasoro, aliyeketi kwenye kiti hupigwa na mwanga moja kwa moja machoni. Zinahitaji kofia zinazoelekeza mwanga chini.

Ua wa mimea wa mita 1 humficha kabisa mtoto aliyeketi, na usiku mlezi mmoja huangalia wengi. Tuliupunguza hadi sentimita 60, na matawi ya miti kando ya njia tukayakata hadi mita 2.1 kutoka ardhini. Benchi lililogusana na uzio lilihamishwa, kwani kwa mtoto anayependa kutoroka hilo ni ngazi. Geti la kuelekea barabarani ni la milango miwili, wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza ufungwe.

Mkisaini na msanifu yeyote, andikeni kwenye mkataba kwamba atakagua eneo mara moja jua likizama na mara moja giza likiwa totoro, akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, kabla ya mchoro wa mwisho kupitishwa.