Mfumo uliompa sifuri aliyestahili kushinda: uzoefu wangu na huduma ya kusahihisha skripti

Nyota moja, nayo nimeitoa kwa shingo upande.

Kama unaandaa mashindano ya skripti (programu fupi) kwa wasimamizi wa mifumo na umeshawishiwa kulipia huduma inayopokea majibu na kuyasahihisha yenyewe, soma hapa kabla hela haijatoka. Sisi tuliilipia hivi karibuni kwa mashindano ya PowerShell, lugha ya skripti ya Microsoft, mimi nikiwa mratibu wa majaji. Kupokea inapokea vizuri. Kusahihisha haijui.

Swali lililotuvuruga lilikuwa jepesi kwa kulisoma. Mshiriki anapewa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi, lenye safu nne: Kompyuta, Diski, Ukubwa na Nafasi, vipimo vikiwa kwa baiti. Skripti itoe diski zilizobakiwa na chini ya GB 10, kila moja ikiwa na sifa nne (Kompyuta, Diski, UkubwaGB na NafasiGB), iliyo hatarini zaidi ikae juu. Tulitumia faili badala ya kuziuliza seva zenyewe kwa sababu kontena za huduma hii, yaani vyumba vilivyotengwa vya kuendeshea skripti, ni za Linux, na Get-CimInstance, amri ya kuuliza seva, haimo, moduli yake ni ya Windows tu. Aliyetuuzia hakulitaja hilo mpaka tulipokwama.

Ndani ya faili tulitega mitego miwili, na yote inatokea kazini kila siku. Wa kwanza: Import-Csv, amri ya kusoma faili la CSV, inaleta kila kitu kama maandishi. Ukiandika `$_.Nafasi -lt 10GB` (Nafasi iwe chini ya GB 10) bila kugeuza kuwa namba, PowerShell inafuata aina ya kilicho kushoto, kwa hiyo inalinganisha maandishi kwa maandishi. Diski yenye baiti 5368709120, yaani GB 5 kamili, inaachwa nje kwa sababu 10GB ni 10737418240, na tarakimu 5 huja baada ya 1. Skripti inapita bila kosa lolote jekundu, na diski inayokaribia kujaa haionekani kwenye orodha.

Wa pili ni mbaya zaidi. Mistari mitatu ilikuwa na Nafasi tupu, maana yake seva haikujibu wakati taarifa zikikusanywa. Anayegeuza kuwa namba kwa `[int64]` bila kuangalia anapata 0, maana maandishi matupu yakigeuzwa namba huwa sifuri. Seva iliyozima inapanda juu kabisa ya orodha ikijifanya diski yake imejaa. Mtu anaamshwa usiku akafute faili kwenye seva ambayo haipo hewani.

Mshiriki mmoja tu, dada kutoka kundi la wanaoanza, aliiona yote miwili. Aligeuza namba, akaitenga mistari mitupu, akaongeza sifa ya tano aliyoiita `Hali`, na ndani yake akaandika HAIJAJIBU kwa zile seva tatu. Skripti yake inarudisha obijekti safi, yaani data yenye sifa zilizotajwa majina, ambayo amri nyingine inaweza kuitumia. Ukiandika Get-Help, amri ya kuomba maelezo, inakujibu kwa mfano unaofanya kazi. Ningeipeleka kazini kesho yake bila kugusa mstari.

Mfumo ulimpa 0.

Sababu ni hii. Huduma haitazami obijekti. Inaendesha pwsh, yaani programu ya PowerShell yenyewe, inachukua maandishi yanayotoka, inayalinganisha baiti kwa baiti na jibu la mfano. Sasa, obijekti isiyo na muundo wake wa kuonyeshwa ikiwa na sifa nne au pungufu, PowerShell huionyesha kama jedwali. Zikifika tano, inageuka orodha ya kwenda chini. Kwa kuongeza `Hali` tu, umbo lote la maandishi lilibadilika, na namba zake zote, zilizokuwa sahihi, hazikusomwa. Wengine walikatwa kwa sababu jina refu la seva halikuenea kwenye jedwali, likamaliziwa kwa alama ya vidoto, ambayo kwenye PowerShell 7 ni herufi moja na kwenye 5.1 ni nukta tatu. Unapoteza alama kwa upana wa skrini ambayo haipo!

Na jibu la mfano, ambalo timu yao ndiyo iliyolitengeneza kwa malipo ya ziada, liliziweka zile seva tatu juu kabisa zikiwa na 0. Waliingia kwenye mtego wa pili wao wenyewe, kisha wakaufanya kuwa kipimo.

Aliyepata 100 alichora jedwali kwa Write-Host, amri ya kuandika maneno kwenye skrini tu, nafasi kwa nafasi, mpaka likafanana na mfano uliochapishwa chini ya swali. Peleka skripti hiyo kwenye Export-Csv, amri ya kuhifadhi matokeo kwenye faili la CSV: hupati hata mstari mmoja, maana Write-Host haipitishi kitu kwa amri inayofuata. Lakini pwsh ikiendeshwa kutoka nje, maneno ya Write-Host na matokeo halisi hutokea mlango mmoja, na mfumo hauwezi kuyatofautisha.

Nilipiga simu. Nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, polepole, nikamsomea na mistari yenyewe. Kijana wa huduma kwa wateja akanikatiza: "Kaka, mfumo haukosei. Mwambie dada asome swali vizuri." Nikamuuliza kama ameifungua hiyo skripti. "Hatufungui kodi za watu, kaka. Mia ni mia." Akakata.

Mia ni mia! Timu ya Scripting Guys ya Microsoft ilianzisha mashindano ya skripti ya Winter Scripting Games mwaka 2006, jumuiya ya PowerShell.org ikayachukua mashindano hayo mwaka 2013, na uhai wake ulikuwa watu kusoma kazi za watu na kuzitolea maoni. Msimamizi wa mifumo hashindani kuchora maandishi. Anashindana kutengeneza kifaa ambacho mwenzake atakiokota mwaka ujao na kukitumia bila kumpigia simu.

Niseme la haki pia. Mapokezi yao ni mazuri kweli: kila toleo linawekewa muda, kontena hazina intaneti, skripti iliyonasa kwenye mzunguko inakatwa bila kuwaathiri wengine. Kwa mashindano ya wanafunzi ambayo jibu ni namba moja, ningetoa nyota nne. Angalieni saa tu: mfumo unasoma UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo ukiandika mwisho 23:59 unafunga saa 8:59 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, si saa 5:59.

Kusahihisha tulikurudisha mikononi mwetu. Tulipakua skripti zote, tukatoa majina kwenye vichwa vya faili, kwa sababu wasimamizi wa mifumo hupenda kusaini kazi zao, kisha tukaziendesha hivi:

`& ./jibu.ps1 -Path ./diski.csv 6>$null | Select-Object Kompyuta,Diski,UkubwaGB,NafasiGB | ConvertTo-Json -AsArray`

`6>$null` inatupa maneno ya Write-Host. Select-Object inachukua sifa nne tulizoomba na kuacha ya ziada bila kumwadhibu mtu. ConvertTo-Json inaandika matokeo kwa JSON, umbo la maandishi lililo rahisi kulinganisha, na `-AsArray` ni lazima, la sivyo obijekti ikiwa moja tu mabano yanakosekana na ulinganisho unakwama. Tukapitisha Invoke-ScriptAnalyzer, amri ya kukagua jinsi skripti ilivyoandikwa, onyo zake zikiwa za kumwongoza jaji tu. Kisha majaji wawili kwa kila skripti, bila kuonana: alama 40 kwa usahihi, 20 kwa kurudisha obijekti, 20 kwa kushughulikia makosa na data tupu, 10 kwa parameta na msaada, 10 kwa kusomeka. Wakipishana zaidi ya 15, anaitwa wa tatu. Dada wa sifuri alipata 94. Yule wa mia alipata 31.

Kwa kuwa waliturahisishia kupakua, nilitaka kumalizia kwa nyota mbili. Nilikuwa nimeshaandika mbili. Kisha nikagundua kwamba, dakika dirisha lilipofungwa, mfumo ulishamtumia yule wa Write-Host cheti cha mshindi wa kwanza kwa baruapepe, kikiwa na nembo ya mashindano yetu, kabla jaji yeyote hajafungua faili hata moja. Huyo kijana naye amekosa nini? Alifuata kipimo alichopewa. Sasa ni mimi wa kumpigia na kumwomba akirudishe, na kwenye ukurasa wao wa mipangilio hakuna popote pa kufuta cheti.

Moja.