Gombe kwa anayetoka Dodoma: safari ndefu, saa moja ya thamani

Hifadhi ya Taifa Gombe haina barabara ya kuingilia. Kutoka Dodoma panda treni ya Reli ya Kati inayopita Tabora hadi Kigoma, kisha boti. Boti za abiria zinazotoka Kibirizi, ufukwe ulio karibu na mji wa Kigoma, ni nafuu, ila hujaa, na Ziwa Tanganyika likichafuka kwa upepo, ratiba huvurugika. Jipe siku moja ya akiba. Anayepanga safari kwa kubana saa hukosa treni ya kurudi.

Sokwe ndio sababu ya kwenda, na wanastahili. Kasekela, kundi alilolichunguza mtafiti wa sokwe Jane Goodall kuanzia 1960, limezoea watu. Ukiwapata, muda ni saa moja tu. Barakoa na umbali si urasimu: mafua yetu huwaua, na polio iliwalemaza baadhi yao mwaka 1966. Mwenye kikohozi abaki, hata kama amelipa.

Njia ni mwinuko mkali, huteleza mvua ikinyesha, hivyo kiangazi ndicho bora. Beba viatu vyenye meno, maji lita mbili, suruali ndefu. Chakula kifungie ndani. Nyani wa ufukweni ni wepesi mno.

Kwa wasiopenda kupanda milima, hapafai.