Bunduki ya kuwindia kwa miguu: tazama uzito umekaa wapi

Lalamiko ni lile lile kila msimu. Mtu kanunua bunduki iliyoandikwa kilo 2.9, kafika porini anajikuta na kilo karibu nne begani, na bado risasi zinakwenda pembeni. Analaumu darubini, analaumu risasi, anamlaumu hata aliyemsimamishia fimbo za kulengea, zile za kuegemezea bunduki. Kumbe uzito wa kwenye karatasi ni wa bunduki tupu, na hakuna aliyemwonyesha uzito huo umeegemea upande gani.

Nazungumzia Tanzania Bara, maana Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Na nazungumzia kufuata nyayo: nyati katika miombo ya Pori la Akiba la Rungwa, saa tano au sita kwenye jua la Oktoba, kisha mlio mmoja ukiwa unahema. Kwa nyati, kaliba, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi, isishuke chini ya .375. Kwa swala, pongo na kongoni, .30-06 inatosha. Kitako cha ubao au cha plastiki, rangi ya mtutu, usahihi wa bunduki iliyoegemezwa mezani kwa mita mia: hayo yamesemwa mno, nayapita.

Anza na hesabu ambayo muuzaji hakufanyii. Darubini fupi ya kukuza mara 1.5 hadi 5 ina gramu 270 hadi 350. Vishikizi vyake vya chuma, 120 hadi 200. Mkanda, 150. Risasi moja ya .375 H&H ni kama gramu 40, ya .30-06 kama 28. Bunduki ya .375 yenye kilo 4.1 karatasini, ikishavaa kila kitu na kubeba risasi nne, ni kilo 4.8 au zaidi kidogo. Risasi kumi za kiunoni ni gramu 400 nyingine. Basi lenga hivi, kila kitu kikiwa juu yake: kilo 4.5 hadi 4.9 kwa .375, na 3.6 hadi 4 kwa .30-06.

Kwa nini usishuke zaidi? Kwa sababu nguvu ya teke hupanda kadiri uzito unavyoshuka. Risasi ya .375 yenye kichwa cha grein 300, kama gramu 19, inakurudishia takribani jouli 50 kwenye bunduki ya kilo 4.2, ukipunguza hadi kilo 3.5, zinakuwa karibu 60. Begani hizo kumi si kidogo. Baada ya milio mitatu mtu anaanza kufumba macho kabla hajafyatua, na tabia hiyo ikishaingia ni kazi kuitoa.

Lakini kilo si kiini cha jambo. Kiini ni mahali zilipolala. Watengenezaji wakitafuta wepesi hukimbilia mtutu, wanaukonda hadi unakuwa mwembamba kuliko kidole cha shahada. Uzito wote unabaki nyuma, mkono wa mbele haushiki kitu. Ukiwa umetulia mezani hutaona tatizo. Ukiwa umetoka kupanda mwinuko, moyo unadunda, mdomo wa mtutu unapanda na kushuka kwa kila pumzi, na kidole kinapovuta triga bunduki nzima inasogea nacho. Triga inayohitaji nguvu ya kilo mbili kwenye bunduki ya kilo mbili na nusu ni ugomvi usioisha. Mtutu mwembamba pia hupata moto upesi. Risasi ya nne inaweza isiangukie pale ilipoangukia ya kwanza.

Kinyume chake nacho ni kasoro. Mtutu mrefu na mnene uliofungwa kwenye kitako cha plastiki chenye uwazi ndani unalemea mbele kama mzega ulioning'inizwa ndoo upande mmoja, na mkono wa kushoto unachoka kabla nyati hajageuka.

Upimaji wake ni rahisi. Hakikisha chemba, yaani chumba cha risasi, ni tupu, ifunge darubini utakayotumia, jaza magazini risasi bandia. Tia kamba chini ya tumbo la bunduki, inyanyue, sogeza kamba mpaka bunduki ilale sawa. Kamba ikae chini ya skrubu ya mbele inayoshika mwili wa bunduki kwenye ubao, au mbele yake kwa vidole viwili, vitatu. Ikirudi nyuma kuelekea triga, mwachie mwenyewe. Halafu panda ngazi mbio, rudi, weka bunduki begani bila kuegemea, shika alama ukutani kwa sekunde 30. Utaiona tofauti pale pale.

Nafasi ya kwanza naipa Winchester Model 70 Safari Express ya .375 H&H, na siombi radhi kwa kuipendelea. Kilo 4.1 tupu, mtutu wa inchi 24 wenye nyama ya kutosha, usawa wake karibu kabisa na skrubu ya mbele. Ukiileta begani inatua yenyewe.

Ya pili ni CZ 550 Safari Magnum na mzee wake Brno ZKK 602. Hazitengenezwi tena, lakini zipo mikononi mwa watu wengi na ni ngumu kufa. Tatizo ni mtutu wa inchi 25 unaolemea mbele. Fundi mwenye leseni akiukata hadi inchi 22 unapoteza takribani mita 20 kwa sekunde, kitu ambacho nyati hatakigundua, na bunduki inakuwa nyingine kabisa. Kumbuka kuilenga upya.

Kwa asiyewinda nyati, Tikka T3x Hunter ya .30-06, kilo 3.1. Ndugu yake Lite ni nyepesi kwa gramu 200 tu. Gramu hizo bora uzibebe.

Kimber Mountain Ascent haifiki kilo 2.5. Imeundwa kwa milima ya kondoo pori wa Marekani, ambako mtu hupiga amelala juu ya mkoba. Sisi tunapiga tumesimama kwenye fimbo tatu. Naiweka mwisho.

Za bei nafuu: Ruger American, kilo 2.8, inafanya kazi. Ipime kwa kamba kama nyingine.

Kinachoudhi ni maduka. Mteja haruhusiwi kuinua bunduki begani zaidi ya dakika moja, mizani haipo, na anauziwa kwa lazima darubini ya kukuza mara 24 yenye gramu 700, inayopandisha uzito juu na kuifanya bunduki ilale ubavu mkononi. Risasi za .375 nazo zinauzwa ghali mno, watu wanakwenda kwa nyati wakiwa wamefyatua tano tu maishani. Dai mizani, dai kamba, na ukikataliwa toka.

Jambo la mwisho la kukagua ni kipete cha mbele cha mkanda. Kwenye .375 kiwe kimeshikwa kwenye mtutu wenyewe, si kwenye ubao. Kikiwa kwenye ubao, teke linakisukuma nyuma na kukichana kidole cha mkono wa mbele.