Hita ya maji ya pampu ya joto: nyota nne, ila chunguza nani anapasha maji

Hii ni ya tangi la lita 200, ile aina inayovuta joto kutoka hewani, nimeitumia vya kutosha na naipa nyota nne. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya inavyokuja imesetiwa kutoka kiwandani, hilo limenikera kweli.

Kazi yenyewe inafanya safi. Kompresa na gesi zinabeba joto la hewani zinaliingiza kwenye maji, ni kama friji iliyogeuzwa, ndo maana uniti moja ya umeme inatoa joto la kama uniti 3, na hewa ikiwa ya joto inaweza kuzidi hapo. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 55 kunahitaji joto la uniti 8 na kidogo, hita ya kawaida inazila zote, hii inatakiwa kula chini ya 3.

Sasa mbona kuna watu wanalalamika bili imepanda? Mara nyingi sana ni ile elementi ya akiba (kile chuma cha kupasha maji kwa umeme moja kwa moja) ndani ya tangi, wengi hawajui hata kama ipo. Kompresa peke yake kwa hita za saizi hii inavuta wati 500 hadi 700 hivi, elementi inavuta wati 1500 hadi 3000 kutegemea modeli, kwahiyo ikiwa inawaka kila siku we una hita ya kawaida uliyoinunua kwa bei kubwa. Yangu ilikuja kwenye modi ya mchanganyiko, elementi inaingia yenyewe ukitumia maji mengi kwa mpigo, na kwenye skrini alama yake ni kadude kadogo mno. Weka modi ya pampu peke yake afu pima na klampu mita, kile kipimo cha umeme kinachobana waya, utajua hapohapo. Taima nayo ukiibana sana, mfano unaipa saa moja tu ya kupasha, kompresa haiwezi kumaliza na elementi inaitwa kusaidia, bora uipe masaa mengi mchana hewa ikiwa na joto. Nyuzi pia, 65 ya nini? Kadiri unavyopandisha ndo kompresa inavyohangaika, 50 hadi 55 inatosha matumizi ya nyumbani, ila ule mzunguko wa kuua bakteria unaopandisha mpaka 60 na zaidi usiuzime, huo ni wa afya yenu.

Hewa jamani, hewa!! Watu wanaifungia kwenye kistoo kidogo na mlango wanaufunga, mashine inatoa hewa baridi inaivuta tena ileile, baada ya muda inafanya kazi kwenye ubaridi iliojitengenezea yenyewe. Ipe chumba kikubwa au mabomba ya kuingiza na kutoa hewa, na filta na yale mapezi ya alumini yasafishwe, vumbi likijaa kompresa inakaa imewaka masaa na masaa.

Upande wa maji angalia valvu ya presha kama inadondosha maji ya moto, mabomba yasiyofunikwa, na kama una ile pampu ndogo ya kuzungusha maji ya moto nyumba nzima ifunge taima, ikizunguka usiku kucha inapoteza joto bure.

Gesi iwe ya mwisho kulaumiwa. Weka mkono pale inapotokea hewa, kama kompresa imewaka muda na hewa haina ubaridi kuliko inayoingia, hapo ndo umwite fundi. Na fundi akikwambia gesi imeisha tu anaongeza, mkatalie, gesi haiishi kwa kutumika, kuna mahali inavuja, atafute pavujapo azibe, avute vakyumu (yaani atoe hewa yote kwenye mabomba ya gesi), ndo ajaze kwa mzani kulingana na kipimo kilichoandikwa kwenye kibati cha mashine.